SOMO: HOFU YA KUACHWA NA KULAZIMISHANA KATIKA MAPENZI



Somo hili ni gumu kulisema mbele za watu kwa sababu linagusa mambo ya chumbani. Lakini yanayofichwa chumbani ndiyo yanayoleta watu wengi kwenye zahanati wakiwa na majeraha, na wengine kwa mhudumu wa jamii wakiwa na machozi. Basi tuyaseme kwa heshima, lakini tuyaseme.

Mwisho wa somo utaweza:
(a) kueleza jinsi hofu ya kuachwa inavyoanza na inavyokua;
(b) kutambua pale ambapo hofu hiyo inageuka kuwa kulazimishana;
(c) kujua la kufanya, uwe wewe ndiye unayelazimisha, unayelazimishwa, au jirani.

Kama jirani yako hajui kusoma, msomee. Kama unaogopa kuonekana na karatasi hii nyumbani, isome hapa hapa uiache.

1. TUANZE NA MTOTO MCHANGA

Wengi wetu tuna ndugu waliopanga vyumba mjini Jinja au Mbale, nasi huwatembelea. Ukifika Jinja, katika mtaa wa Nalufenya kuna hospitali ya watoto, ambayo ni sehemu ya Hospitali ya Rufaa ya Jinja. Siku ukipeleka mtoto mahali kama pale, watazame wale wanaoanza kutambaa. Mtoto anashuka mapajani, anaenda hatua mbili tatu, anageuka kuangalia kama mama bado yupo. Akimwona, anaendelea. Akisikia kelele, anarudi mbio, anashikwa, anatulia, kisha anaondoka tena kucheza.

Jambo hili dogo lilichunguzwa kwa makini hapa Uganda. Mwaka 1954, mwaka ule ule ambao bwawa la Owen Falls (leo Nalubaale) lilifunguliwa Jinja, alifika Kampala mama mmoja mtaalamu wa mambo ya akili na moyo, Mary Ainsworth. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi London pamoja na daktari John Bowlby. Bowlby ndiye aliyeandika ripoti ya mwaka 1951 kwa Shirika la Afya Duniani kuhusu watoto waliobaki bila makao na bila wazazi baada ya vita vya Ulaya. Kwa hiyo elimu hii tangu mwanzo iliwahusu watu wa namna yetu, watu waliotenganishwa na vita.

Ainsworth alizunguka vijiji vya karibu na Kampala akiwa na mkalimani. Aliwatembelea akina mama 26 wenye watoto 28, akirudi nyumba ile ile mara kwa mara kwa miezi kadhaa. Kitabu chake juu ya kazi hiyo kilitoka mwaka 1967. Aliona kwamba watoto 16 walikuwa wametulia: mama akiwepo walicheza bila wasiwasi, na wakiumia walirudi kwake na kufarijika. Watoto 7 hawakuwa na utulivu huo: walilia sana, hata wakiwa mikononi mwa mama. Watoto 5 walikuwa bado hawajaonyesha kushikamana na mama kwa namna ya pekee.

Ainsworth aliona pia kwamba watoto waliotulia mara nyingi walikuwa na mama aliyemjua mtoto wake vizuri, aliyeweza kueleza kwa urefu mtoto anapenda nini, anaogopa nini, analia kwa sababu gani.

Kamba hiyo isiyoonekana kati ya mtoto na mlezi wake tutaiita mfungamano. Mlezi anaweza kuwa mama, baba, bibi, shangazi, au dada mkubwa. Mtoto akiita na kuitikiwa mara nyingi, hujifunza kwamba watu wanaaminika. Akiitikiwa leo na kesho kupuuzwa, hujifunza kulia kwa nguvu zaidi ili asisahaulike. Akiita siku zote bila jibu, hujifunza kunyamaza na kutomtegemea mtu.

Tafadhali, usilisome jambo hili kama lawama kwa mama yako. Mama anayekimbia risasi na mtoto mgongoni, mwenye njaa na aliyefiwa, hawezi kuitikia kila kilio. Tunajifunza ili tuelewe.

2. MTOTO ANAPOKUWA MTU MZIMA

Mwaka 1987 wataalamu wawili wa Marekani, Cindy Hazan na Phillip Shaver, waliuliza kama mfungamano huo unaendelea katika mapenzi ya watu wazima. Walichapa maswali katika gazeti la mji wa Denver, wasomaji wakajibu. Zaidi kidogo ya nusu walijieleza kuwa wametulia katika mapenzi. Kama robo walisema kuwa karibu na mtu kunawasumbua. Waliobaki, karibu mmoja katika watano, walisema daima wanaogopa kuachwa. Tuwaangalie wote watatu:

Aliyetulia. Mwenzake akichelewa, anauliza. Akikataliwa usiku mmoja, haoni kwamba ndoa imekwisha.

Mwenye hofu ya kuachwa. Mwenzake akinyamaza, moyo wake unakwenda mbio. Anapekua simu, anahesabu dakika, anauliza kila siku, "Bado unanipenda?" Jibu la leo halimtoshi kesho.

Anayejitenga. Hapendi kuulizwa anavyojisikia. Mwenzake akilia, anatoka nje. Kuhitaji mtu kwake ni udhaifu.

Watu wengi wana mchanganyiko. Pia mtu anaweza kubadilika. Mtu aliyelelewa vizuri anaweza kupoteza utulivu baada ya kuona wazazi wakiuawa, au baada ya kupotezana na mke wake njiani na kukaa miaka bila habari zake. Na mtu aliyelelewa kwa shida anaweza kupata utulivu akiwa na mwenzi mwaminifu, rafiki, au mtu wa kumsikiliza. Kwa hiyo usiseme, "Mimi ndivyo nilivyozaliwa."

3. HOFU INAVYOINGIA CHUMBANI

Fikiria mfano huu. Tumeutunga kwa ajili ya somo. Si habari ya mtu yeyote.

Mume na mke wanaishi chumba kimoja na watoto. Mume alipotelewa na wazazi akiwa na miaka sita. Mke amepata kazi ya kufua nguo za watu, anarudi jioni amechoka. Usiku mume anamgusa. Mke anasema, "Baba, leo mwili umechoka." Maneno aliyoyasikia mume masikioni ni hayo. Lakini moyoni amesikia mengine: "Sikutaki tena." Anasema, "Nani amekuchosha?" Mke ananyamaza. Mume anasema, "Kama ni hivyo, nitapata mwingine anayenitaka." Mke anafikiria chakula, watoto, na kwamba katika nchi hii hana ndugu. Anasema, "Haya." Mume anatulia mpaka kesho jioni, kisha hofu inarudi, maana jibu lililopatikana kwa vitisho haliwezi kumhakikishia mtu kwamba anapendwa. Kwa hiyo anadai tena, na mara hii kwa ukali zaidi.

Angalia kilichotokea. Mume alitafuta uhakika kupitia mwili wa mke wake. Mke naye alitoa mwili wake ili kununua amani. Wote wawili wanaogopa kuachwa, lakini anayeumizwa ni mmoja.

Uchunguzi wa wataalamu katika nchi mbalimbali umeonyesha njia tatu ambazo mfungamano usio na utulivu unaweza kupitia hadi kufika kwenye kulazimishana:

Njia ya kwanza: mwenye hofu ya kuachwa anaona tendo la ndoa kama kipimo cha upendo. Akikataliwa, anaona ameachwa, naye anasukuma: kwa kubembeleza bila kuacha, kwa kulia, kwa kununa, kwa vitisho.

Njia ya pili: anayejitenga anataka mwili bila moyo. Hasikilizi mwenzake anajisikiaje, kwa hiyo "hapana" yake haimgusi. Wengine hutumia tendo hilo kuonyesha nani mkubwa.

Njia ya tatu: mwenye hofu ya kuachwa anakubali asichokitaka ili asipoteze mtu. Huyu hawezi hata kumwomba mwenzake kutumia kondomu, kwa kuogopa kuambiwa, "Huniamini."

Lakini tusivuke mpaka wa elimu hii. Watu wengi sana wenye hofu ya kuachwa hawamlazimishi mtu yeyote. Na wako wanaolazimisha wenzao bila hofu hiyo, kwa sababu ya pombe, kwa sababu wanaamini mwanamke ni mali, au kwa sababu hakuna anayewazuia. Hofu ni chanzo kimoja kati ya vingi.

4. KULAZIMISHA NI NINI?

Watu wengi hufikiri kulazimisha ni kupiga tu. Kuna njia nyingine:
- kurudia kuomba usiku kucha hadi mwenzako achoke na kukubali;
- kumnyima fedha ya matumizi, au kuacha kula chakula chake, mpaka akubali;
- kusema, "Ungenipenda usingekataa";
- kutishia kumwacha, kuoa mwingine, au kumwaibisha kwa ndugu;
- kumfanyia akiwa amelala au amelewa;
- kukataa kuacha baada ya yeye kusema acha.

Katika utafiti wa taifa wa Uganda kuhusu watu na afya wa mwaka 2016, wanawake 22 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Kwa wanaume walikuwa 8 katika kila 100. Kwa hiyo jambo hili lipo kwa wenyeji na kwa wageni, na wanaume pia hutendewa.

Na kama mmoja ana umri chini ya miaka 18, hata akisema "ndiyo", sheria ya Uganda haiikubali ndiyo hiyo. Ni kosa kubwa.

5. MAMBO MATATU TUSIYACHANGANYE

Kwanza, kueleza na kusamehe ni vitu viwili. Ukijua kwamba mumeo alipoteza wazazi, utaelewa hofu yake inatoka wapi. Haimaanishi kwamba una deni la kumlipa kwa mwili wako. Yeye alitendewa vibaya na vita, wewe hukumtendea.

Pili, kuna hofu ya moyo na kuna hatari ya kweli. Mwanamke anayesema "haya" kwa sababu karatasi ya familia imeandikwa kwa jina la mume, au kwa sababu alipigwa mara ya mwisho alipokataa, si mgonjwa wa moyo. Anaona sawasawa. Huyo hahitaji kuambiwa ajitulize. Anahitaji usalama, na njia ya kula yeye na watoto bila kutishwa.

Tatu, mahari na ridhaa ni vitu viwili. Wako wanaosema, "Nimetoa ng'ombe, nani wa kunikatalia?" Katika Uganda swali la mahari lilifika mbali. Shirika la MIFUMI, lililoanzia wilaya ya Tororo hapa mashariki, lilipeleka kesi mahakamani. Mwezi wa Agosti 2015 Mahakama Kuu ya Juu ya Uganda iliamua kwamba kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Mahari yenyewe haikukatazwa. Lakini mwanamke asifungwe katika ndoa ya mateso kwa sababu baba yake hana ng'ombe wa kurudisha.

Kuna pia Sheria ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2010. Sheria hiyo inahesabu ukatili wa mwili, wa kingono, wa maneno na moyo, na wa mali. Inawalinda mke, mume, na watu wanaoishi pamoja katika nyumba moja. Malalamiko yanaweza kupelekwa kwa mahakama ya LC, polisi, au kwa hakimu, na hakimu anaweza kutoa amri ya kumlinda mtu.

6. TUFANYE NINI?

Kama wewe ndiye unayesukuma:
- Ukisikia "hapana", subiri. Jiulize: "Ninataka tendo, au nataka kujua kama napendwa?" Kama ni la pili, uliza hilo kwa maneno, mchana, mkiwa mmetulia. Mfano: "Mama, ukinyamaza naogopa. Niambie tu kama tuko sawa."
- Jibu lolote utakalopewa, lipokee. Usimfanye alipie.
- Moyo ukikimbia, toka nje, nawa uso, tembea. Usirudi kudai.
- Tafuta mwanamume mmoja unayemwamini umweleze uliyopoteza. Mtu asiyewalilia wafu wake mbele ya yeyote humtwisha mke mzigo wote.
- Kumbuka kwamba hofu si ruhusa. Ukiendelea baada ya kukataliwa, umefanya kosa, hata kama ulikuwa unalia.

Kama wewe ndiye unayekubali usichotaka:
- Jiulize, "Nikisema hapana leo, nini kitatokea?" Kama jibu ni "atanuna", unaweza kujaribu kusema, "Leo hapana, lakini sikuachi." Maneno hayo yanajibu hofu yake bila kutoa mwili wako.
- Kama jibu ni "atanipiga" au "atawaumiza watoto", usifanye jaribio hilo peke yako. Zungumza kwanza na mhudumu wa jamii, muuguzi, au mtu wa kamati ya ustawi wa wakimbizi, pasipo yeye kujua.
- Usikubali kuketishwa naye mezani ili mpatanishwe kama unamwogopa. Una haki ya kusikilizwa peke yako.

Kama umelazimishwa:
- Nenda zahanati upesi, siku ile ile ukiweza. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinafaa zikianzwa ndani ya saa 72, yaani siku 3, na humezwa kwa siku 28. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba hutumika ndani ya siku 5, na ikichukuliwa mapema inafaa zaidi.
- Ukiweza, usioge kwanza na usifue nguo ulizokuwa umevaa. Ziweke kwenye mfuko wa karatasi. Kama umekwisha kuoga, nenda hivyo hivyo.
- Usisubiri fomu ya polisi ndipo uende kwa daktari. Tiba kwanza.
- Walio mjini Jinja au Mbale, kila mji una hospitali ya rufaa ya serikali. Kwa mtoto aliyeumizwa, namba ya simu ya taifa ni 116, na haikatwi fedha.

Kama wewe ni jirani au kiongozi:
- Usiseme, "Mambo ya mke na mume hayaingiliwi." Usiulize pia, "Ulimfanya nini?" Sema, "Nimekusikia. Unataka nikusindikize?"
- Usiitangaze siri yake. Kambi ni ndogo na maneno yana miguu.

Je, mabadiliko yanawezekana? Katika Kampala, kati ya mwaka 2007 na 2012, shirika la Raising Voices na wenzao wa CEDOVIP waliendesha mpango uitwao SASA! katika mitaa. Majirani wa kawaida walifundishwa kuzungumza na wenzao juu ya nguvu na matumizi yake nyumbani. Mitaa minne ilipata mpango huo mapema na minne ilisubiri, kisha watafiti wakalinganisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: pale mpango ulipofika, ukatili wa mwili kwa wanawake kutoka kwa wenzi wao katika mwaka uliopita ulikuwa chini kwa asilimia 52. Waliofanya kazi hiyo walikuwa majirani kama wewe na mimi, wakizungumza nyumba kwa nyumba.

7. NA WATOTO WETU

Tulianza na mtoto, tumalizie naye. Mtoto anayelala chumba kimoja na wazazi husikia zaidi ya tunavyodhani. Akisikia kila usiku sauti ya mmoja ikiomba "acha" na ya mwingine ikiendelea, ndivyo anavyojifunza mapenzi ni nini. Lakini mtoto akiitwa kwa jina, akiitikiwa anapolia, akaaga na kuagwa mzazi anapotoka kutafuta kazi, anapata kitu ambacho vita haikuweza kukichukua. Ukitoka, mwambie unakwenda wapi. Ukirudi, mtafute kwanza yeye. Hilo halihitaji fedha.

MASWALI YA KUJADILIANA

(Wanaume wakae kikundi chao na wanawake chao. Asitajwe mtu kwa jina.)

1. Katika mfano wa mume na mke, ni wakati gani ambapo mume angeweza kufanya vingine? Angesema nini?
2. Kwa nini neno "haya" la mke halikumtuliza mume kwa muda mrefu?
3. Taja tofauti kati ya hofu ya moyo na hatari ya kweli. Kila moja inahitaji msaada gani?
4. Kwa lugha yenu ya nyumbani, mnasemaje "leo hapana, lakini sikuachi"? Lijaribuni neno hilo kwa sauti.
5. Mtu akija kwako usiku amelazimishwa, utamsindikiza wapi, na ndani ya saa ngapi?

Zoezi la juma hili: kila mmoja achague siku moja, mchana, amwulize mwenzake swali hili: "Ni jambo gani nikilifanya unaogopa?" Kisha anyamaze na kusikiliza mpaka mwisho, bila kujitetea. Anayeishi na mtu anayempiga asifanye zoezi hili; badala yake aje azungumze nasi kwa siri.